Mshipa wa Pili wa Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa maneno. Mama alikuwa akisema nilitoka tumboni tayari nabishana na mkunga, na akinituma dukani alimwomba mwenye duka anirudishe upesi kabla sijaanza kumsimulia habari za nyumbani. Pale kijijini kwetu Nyakahura waliniita redio. Hospitalini nako, nilikokuja kufanya kazi, bila mtu kuwadokeza, wakaniita redio. Sikukasirika, redio ilikuwa kitu cha heshima miaka ile. Naanza na hili ili mnielewe nikisema kwamba iko siku moja katika maisha yangu niliyonyamaza pale nilipotakiwa kusema, dakika moja tu au pungufu, na katika dakika hiyo nilimpoteza mdogo wangu, ndugu yangu pekee.

Baba yetu alikuwa mchunaji wa ng'ombe. Nasema mchunaji, si mchinjaji, maana koo lilikatwa na mzee mmoja Mwislamu wa nyumba za juu, ili nyama iliwe na kila mtu bila maswali. Kisu cha yule mzee kikishatoka, ng'ombe alikuwa wa baba. Zamani tulikaa ndani huko, kwenye migomba yetu, na baba alichunia harusi na misiba. Ilipokuja Operesheni Vijiji tukahamishiwa barabarani, nyumba zikapangwa mstari kama wanafunzi paredi, migomba yetu ikabaki kule ikiota majani peke yake, na baba akawa mchunaji wa kijiji kizima. Kila Jumamosi ng'ombe mmoja, juu ya majani ya migomba, nyuma ya ghala. Hakuwahi kukisamehe kile kijiji. Lakini alikichunia kwa adabu, ngozi ikatoka nzima bila tundu.

Mimi ndiye niliyetoa mafigo. Nilianza nikiwa na miaka tisa, tungali kule kwenye migomba. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, mtoto mwingine hakuwapo, na mkono wangu uliingia mahali mkono wa baba ulipokwama. Figo limejificha nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, limefunikwa na mafuta yake, na ukilivuta kwa pupa linachanika. Baba aliyataka mazima kwa sababu mafigo yalikuwa ya bibi, mama yake, aliyekuwa hana meno na hakutaka kusikia habari ya nyama nyingine. Bibi alipokufa, mdogo wangu akayarithi. Aliyabanika mwenyewe kwenye makaa, akala akiwa amesimama, moshi machoni, na hakumpa mtu. Jumamosi ambayo hakupewa mafigo yake ilikuwa msiba mdogo nyumbani.

Sasa, kwetu kulikuwa na mwiko. Sisemi ulikuwa wa sisi Wasubi wote, majirani wengi hawakuujua na wengine walitucheka. Ulikuwa wa nyumba yetu. Kilichomo tumboni hakitajwi. Ukimpasua mnyama ukakuta jambo lisilo la kawaida, ini lenye pembe ya ziada, figo moja badala ya mawili, utumbo uliojisokota, unanyamaza. Ukilitaja kwa mdomo linasikia, linainuka, linatafuta tumbo la mtu wa nyumba hiyo likaingie. Baba alisema babu aliwahi kukuta ndama wawili walioungana ndani ya ng'ombe, akapiga kelele kuita watu waje waone, na mwaka ule ule mke wake mdogo akafa na mimba. Nilipouliza kama alikufa kwa sababu ya wale ndama au kwa sababu mkunga alichelewa, nilipigwa kofi. Basi, yakaishia hapo.

Lakini kazi ya kisu haifundishiki kwa kunyamaza tu, na baba alikuwa fundi, alitaka kunifundisha. Kwa hiyo alifundisha kwa mkono. Aliweka mkono wake juu ya wangu ndani ya tumbo la ng'ombe, tukapapasa pamoja taratibu, kutoka uti wa mgongo kuja kwenye figo. Hapo kuna mshipa unaoleta damu na mwingine unaoirudisha. Kwa kawaida unaoleta ni mmoja, mnene, unaingia katikati ya figo, pale penye kishimo. Lakini mara moja moja palikuwa na wa pili, mwembamba, umetokea chini zaidi, unaingia kwenye ncha ya figo bila kupita pale pa kawaida, kama mgeni aingiaye kwa mlango wa jikoni. Baba akiuhisi alinigonga mgongo wa mkono kwa kifundo cha kidole, mara mbili. Maana yake: iko miwili, usivute. Nikiuhisi mimi kwanza, namgonga yeye. Halafu tunakata mmoja baada ya mwingine, figo linatoka zima, na hakuna aliyesema neno. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yetu, na nilijivunia, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo baba hakuniambia nipunguze.

Mdogo wangu alipokua akaiiba, akaitumia kwa mambo yake. Tukila, alinigonga mkono mara mbili chini ya sinia: niongezee, mama hatazami. Kanisani alinigonga mara mbili mahubiri yakizidi urefu. Alikuwa mtoto wa kucheka. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuza chini, mama akaniambia nitamlemaza.

Nilisoma, nikapata uuguzi katika hospitali ya misheni upande wa Ngara. Mwanzoni walinicheka kwa jinsi nilivyochanganya r na l, nami nikawacheka wao kwa kuogopa damu. Mimi damu ningeiogopea nini? Wakanipeleka chumba cha upasuaji, na huko nikakaa. Kumpa daktari vifaa, kuhesabu shashi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, kwa sauti zisije zikabaki tumboni, kumwambia uzi umebaki mfupi. Niliongea humo ndani kama kawaida yangu. Ule mwiko hata sikuukumbuka. Niliona uvimbe, niliona utumbo uliojisokota, nikavitaja bila wasiwasi. Sikujiuliza kwa nini. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba matumbo yale yote yalikuwa ya watu wengine, na mwiko ulikuwa wa nyumba yetu.

Vita vya mpakani vilipokuja, hatukuviona sisi wa Ngara na Biharamulo kwa macho, tuliviona kwa upungufu. Malori yalichukuliwa. Dizeli ya jenereta ikawa ya kuombea. Daktari wetu mkubwa aliitwa kwenda na jeshi, akaondoka na masanduku mawili ya vifaa na muuguzi mwenzangu wa upasuaji. Tukabaki na daktari msaidizi, kijana mpole kutoka Tanga, mwenye Kiswahili cha kumwagika kama maji, ambaye alikuwa ameshatoa figo mara mbili tu maishani, na mara zote mbili mkubwa wake alikuwa amesimama begani kwake.

Vijijini watu walichanga ng'ombe kwa ajili ya askari. Nyakahura nayo ikachanga. Baba alitoa fahali wake mwekundu, na nasikia alitoa bila kushurutishwa, akasema kama wameshachukua migomba, wachukue na fahali, angalau huyu ataliwa na watu wenye njaa. Mdogo wangu alikuwa mgambo, ana miaka ishirini na moja, na alichaguliwa kuwasindikiza ng'ombe hao mpaka Biharamulo, na pengine mbele zaidi. Alifurahi. Wakati wa kuwapakia, fahali wa baba alikataa, akageuka ndani ya lori, akambana mdogo wangu kwenye mbao za ubavuni. Mara moja tu. Waliokuwapo waliniambia kwamba aliinuka mwenyewe, akajipangusa, akacheka, akasema huyu mzee ananiaga. Baadaye kidogo akaenda kukojoa nyuma ya ghala, akarudi bila kucheka. Mkojo ulikuwa mwekundu.

Walitaka kumkimbiza Biharamulo. Baba akakataa. Alisema mtoto apelekwe kwa dada yake. Palikuwa na lori linarudi Ngara na mapipa matupu, wakamlaza katikati ya mapipa juu ya majani ya migomba, baba akakaa amempakata kichwa njia yote ile ya vumbi. Walifika kesho yake kabla ya adhuhuri, kwa sababu lori liliharibika njiani. Mimi nilikuwa nje naanika glavu. Zile glavu tulizifua na kuzianika, siku hizi wanatupa.

Nilimwamkia baba, akaitika marahaba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ndogo. Mdogo wangu alikuwa amepauka midomo. Tumbo lilikuwa gumu upande wa kushoto, na ukimgusa ubavu anauma meno. Bado alitania. Alisema lori lile limemtikisa hata akasahau dhambi zake. Tulimwekea mpira wa mkojo, ikatoka damu tupu. Presha ilikuwa inashuka kila nikipima. Baba alitoa chupa moja ya damu na dereva wa lori akatoa nyingine, na hiyo ndiyo damu tuliyokuwa nayo.

Daktari aliniita pembeni. Akasema ni figo, limepasuka, asipofunguliwa hatafika jioni. Kisha akasema: "Sista, ni mdogo wako. Nikikutoa humo, sina mwingine wa kusimama nami. Unaweza?"

Nikasema naweza. Na ningeshindwaje? Nani mwingine ningemwachia?

Kabla mzee wa dawa ya usingizi hajamfunika pua, mdogo wangu alitoa mkono chini ya shuka, akautafuta mkono wangu, akanigonga mara mbili. Nikacheka, machozi yakanitoka, nikamwambia ukiamka nitakuongezea. Halafu nikaenda kunawa.

Daktari alipasua tumbo katikati. Damu iliyoganda ilikuwa imejaa nyuma ya utumbo, upande wa kushoto, imevimba na kuwa nyeusi. Akausogeza utumbo, akanipa chuma kilichopinda nivute kingo za kidonda, na mkono wangu wa pili ukabaki wa kumpa vifaa. Figo lilikuwa limegawanyika, kama nyanya iliyokanyagwa. Halikuwa la kushona. Alisema atalitoa, mtu huishi na moja, na hilo ni kweli, nimewaona wanaoishi na moja wakilima na kuzaa. Akapapasa kutoka uti wa mgongo, akaupata mshipa unaoleta damu, akaubana, akaufunga uzi mara mbili. Akaupata unaorudisha, akaufunga. Kazi safi. Mpaka leo, mtu akiniuliza, nasema ilikuwa kazi safi. Damu ikatulia, akashusha pumzi.

Hapo ndipo nilipouona. Yeye alikuwa anatazama juu, kwenye mafundo yake. Mimi, kwa vile nilisimama upande wa pili nimevuta kile chuma, nilikuwa natazama chini. Kwenye ncha ya chini ya figo, ndani ya mafuta yaliyolowa damu, palikuwa na kitu chembamba kama kamba ya kiatu, na kilikuwa kinadunda. Figo ambalo mishipa yake imefungwa haliletewi damu tena, hakuna cha kudunda hapo. Hili lilikuwa bado linaletewa. Nilijua kabisa ninachokitazama. Pengine katika hospitali nzima hapakuwa na mtu aliyekijua kama mimi, maana nilikuwa nimekipapasa gizani ndani ya ng'ombe tangu nina miaka tisa.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo nyuma ya kile kitambaa. Na mwiko ulikuwa umesimama pale kooni, mzima, kama haujawahi kuondoka. Kilichomo tumboni hakitajwi, ukikitaja kinatafuta tumbo la mtu wa nyumba yenu. Na tumbo la mtu wa nyumba yetu lilikuwa wazi mbele yangu. Nilihisi kwamba nikisema tu, nitakuwa mimi ndiye niliyekiweka humo. Najua ni upuuzi. Nilijua hata pale pale kwamba ni upuuzi, mimi niliyepigwa kofi kwa kuuliza habari za mkunga. Kujua hakukunisaidia kitu.

Mdomo ulikataa, lakini mkono haukuwa na mwiko. Nikaunyoosha, nikamgonga daktari mgongo wa mkono kwa kifundo cha kidole, mara mbili.

Hakuinua hata macho. Aliona dada wa mgonjwa anatetemeka. Akasema kwa upole, "Tulia, sista. Tunamaliza." Na akaliinua figo.

Kile chembamba kilikatika kama uzi wa mahindi. Upande mmoja ulibaki na figo. Upande wa pili, ule uliotoka moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa mwili, ulirudi ndani ya damu iliyoganda ukapotea, na tumbo likajaa. Hapo ndipo redio ilipofunguka. Nilipiga kelele, kuna mwingine, kuna mwingine chini, wa pili. Daktari akatia mkono, akabana, akakosa, akabana tena. Nilimpa shashi zote nilizohesabu. Nikamimina chupa ya pili ya damu, ile ya baba, ikaingia mkononi na kutokea tumboni. Mzee wa dawa ya usingizi akasema mapigo yanapotea. Tuliendelea muda mrefu baada ya kuwa hakuna cha kuendelea nacho, mpaka daktari mwenyewe akaacha kubana na kuacha mikono yake humo tu, imelala.

Tulimshona sawasawa. Nilidai iwe hivyo. Nilihesabu shashi kwa sauti mpaka zikatimia.

Kule kwenye sinki, daktari alikuwa ananawa na hamalizi kunawa. Akaniuliza kwa nini nilimgonga. Nikamweleza, kwa maneno machache, habari za ng'ombe, za baba, za mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, maji yakimwagika bure. Akaniuliza: "Kwa nini hukusema tu?"

Nikamfungia bomba. Yeye mwenyewe hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Alilia, kijana wa watu, kifua wazi, akijilaumu yeye, akisema angepaswa kupapasa mpaka chini kabla ya kuinua. Ni kweli angepaswa. Lakini yeye alikuwa hajauona. Mimi nilikuwa nimeuona.

Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, kitambaa cha kutolewa damu bado kimefungwa mkononi. Aliponiona akasimama. Nilitaka kumwambia, maneno yakawa hayapo, mimi huyu. Nikauchukua mkono wake, nikaugonga mara mbili.

Alielewa. Nilimwona akielewa, kitu kimoja baada ya kingine: kwamba mwanawe alikuwa na miwili, kwamba nimeuona, na kwamba sikuutaja. Akauangalia mkono wake pale nilipogonga. Akaniuliza swali moja tu, kama nilimwambia daktari, na nikasema nilimgonga mkono. Akaketi. Akasema kwa lugha yetu ya nyumbani, polepole, kwamba yule daktari si mchunaji, angejuaje. Kisha akainuka kwenda kutafuta lori la kuturudisha Nyakahura na maiti.

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na nimejifunza mambo ambayo ningependa kuyajua mapema. Vita vilipokwisha, daktari wetu mkubwa alirudi, amekonda, akasikia yaliyotokea, akatuita wote tuliokuwa kazini akachora ubaoni. Alichora figo, kisha mishipa yake, kisha akafuta na kuchora tena kwa namna nyingine, na nyingine. Watu wengi tu, alisema, wana mishipa miwili ya kuleta damu, wengine mitatu, figo moja au yote mawili. Mingine inaingia juu, mingine chini. Mingine inatoka mbali kabisa, kule mshipa mkuu unapogawanyika kwenda miguuni. Unaorudisha damu nao huwa na vituko vyake, huo wa kushoto kwa watu wengine huuzunguka mshipa mkuu mbele na nyuma. Na kila mshipa unaoleta hulisha sehemu yake peke yake, haisaidiani, ukiufunga kwenye figo ambalo ulitaka libaki, sehemu ile inakufa. Ndiyo maana mpasuaji hapaswi kuamini kwamba amemaliza kwa kufunga mmoja. Apapase mpaka chini, atazame tena, kila mmoja aufunge peke yake, ndipo ainue.

Akasema kitu ambacho kilinifanya nitoke nje. Alisema hili si ajabu wala si ugonjwa. Ni kama mtu kutumia mkono wa kushoto. Mtu anazaliwa nalo, anaishi nalo, anazeeka nalo, na hakuna atakayejua mpaka siku apasuliwe. Nilisimama nyuma ya jengo pale tunapoanika glavu, nikawa nimekasirika hata nikatamani kumpiga mtu, na sikumjua wa kumpiga. Nyumba nzima, babu na baba na mimi, tumelifumbia mdomo jambo la kawaida tu. Mdogo wangu hakuwa na kitu kibaya tumboni.

Tangu hapo, kila msichana aliyekuja kujifunza kwangu nilimwambia jambo moja: ukiona, sema, hata kama ni ujinga, hata kama daktari atakufokea. Walidhani nasema hivyo kwa kuwa mimi ni redio. Sikuwaambia sababu. Hii ndiyo mara ya kwanza naisema yote.

Lakini turudi nyuma, nilitaka kuwaambia habari ya kumaliza matanga ya mdogo wangu. Siku hiyo ilipofika, ndugu walileta ng'ombe mmoja, jike, na mzee Mwislamu akaja na kisu chake kama siku zote, akakata, akampa baba pole, akakaa kando. Baba alichuna. Mikono yake ilikuwa ile ile, ngozi ikatoka nzima. Alipofika kupasua akaniita mbele ya watu wote. Nilikuwa mwanamke mtu mzima nimevaa nguo za msiba, nikapandisha mkono wa gauni nikapiga magoti kwenye majani ya migomba.

Akapasua, akaanza kutaja. Kwa sauti, kwa Kiswahili, ili hata wageni wasikie. Hili ini, lina pembe tatu. Hii bandama. Huu utumbo. Hapa pana kovu, sijui la nini. Watu wa nyumba yetu walitazamana, shangazi yangu mmoja akajifunika uso kwa kanga. Baba hakumjali. Kisha akaniambia nitie mkono, na akaweka wake juu ya wangu.

Tulipapasa kutoka uti wa mgongo kuja kwenye figo. Nilipata mshipa unaoleta. Nikashuka chini mpaka kwenye ncha, nikarudi, nikashuka tena. Nilikuwa nautafuta. Nilitaka uwepo, Mungu anisamehe, ili niutaje mbele ya baba, niuseme kwa mdomo wangu kwa nguvu zote. Mkono wa baba ulikuwa umetulia juu ya wangu, haugongi.

"Sema, mwanangu," baba akasema. "Unapata nini?"

"Mmoja, baba."

"Papasa vizuri."

Nikapapasa. Nikazunguka upande wa pili nako. "Ni mmoja tu, baba. Huku mmoja na huku mmoja."

Akapapasa mwenyewe mpaka kwenye ncha. Kisha akasema haya, kata, usichane. Nikayatoa yote mawili, mazima, nikayafuta mafuta, nikasimama nayo mkononi, na kwa mazoea nikageuka kumtafuta mwenyewe nimpe akabanike.